Barua Tunayo, Funguo Ziko Wapi?

Jumamosi iliyopita nilizungumza na kikundi chetu cha wasomaji wa historia hapa Moshi. Mvua iliwazuia wengi, hasa wa Marangu na Machame, na tangu siku hiyo simu haziishi: mwalimu, ulisema nini? Haya, nilisema hivi. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Hata ukumbini hazikumalizika, umeme ulikatika.

*

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada na kaka zangu, na nyinyi vijana mliokimbilia viti vya nyuma kama mlivyokuwa mkifanya darasani kwangu, habari za mchana.

Kabla ya mada, nieleze kwa nini tumechelewa. Tulipofika hapa saa nane, mwenyekiti wetu alikuwa na barua. Ina muhuri, ina sahihi, inasema ukumbi ni wetu kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja. Tukasimama pale barazani na mvua ile, barua mkononi. Funguo ziko wapi? Funguo anazo kijana anayetunza ukumbi. Na kijana yuko wapi? Yuko Mbuyuni, anachagua viatu vya mitumba. Simu haipatikani. Dakika 40, jamani! Sisi wenye haki yote ya kuingia tumelowa, na mtu asiye na hata kipande cha karatasi ndiye aliyeamua mkutano uanze saa ngapi. Alipokuja hakutaka hata kuiona barua yenyewe.

Nilitaka kukasirika, kisha nikaona amenirahisishia kazi. Maana niliombwa nizungumze juu ya jambo hili: mfalme anapoanguka, kwa nini serikali ya muda inayoingia hushindwa kuishika nchi? Barua na funguo. Naomba tutembee na hivyo viwili.

Niwaulize. Nani humu ndani hajawahi kufanya kazi chini ya kaimu? Nyoosheni mikono. Hakuna. Basi mada mnaijua tayari, mimi nawakumbusha tu.

Mimi mwenyewe nilikaimu ualimu mkuu miezi saba. Shule siitaji. Mkuu alihamishwa ghafla, barua ikaja: kaimu nafasi hiyo mpaka atakapoteuliwa mwingine. Siku ya kwanza nilifunga mlango, nikakaa kwenye kile kiti cha kuzunguka, nikazunguka nacho mara moja. Msicheke, nanyi mngezunguka. Siku ya pili akaja mtunza stoo: mwalimu, mahindi yamebaki ya wiki mbili, tununue kwa nani? Nikamwambia tumsubiri mkuu mpya, sitaki akute nimemfunga mikono. Wakaja wazazi: paa la darasa la nne linavuja. Tumsubiri mkuu. Mwalimu fulani haingii darasani. Tumsubiri mkuu. Nikajiona muungwana kweli kweli.

Mwezi wa tatu hakuna aliyekuwa anakanyaga ofisini kwangu. Nikasema labda matatizo yamekwisha. Wapi! Mahindi yalikuwa yananunuliwa. Paa lilikuwa limeshaezekwa. Yote yalikuwa yanaamuliwa chini ya mparachichi nyuma ya jiko, na mtunza stoo na wazazi watatu. Muhuri nilikuwa nao mimi, umekauka.

Sasa twendeni Urusi, mwaka 1917. Tarehe nitazitaja kwa kalenda tunayoitumia leo. Ukoo wa Romanov umetawala zaidi ya miaka 300. Nchi iko kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwaka wa tatu. Katika mji mkuu, Petrograd, akina mama wanapanga foleni ya mkate kwenye barafu, viwanda vinagoma, na askari wanaotumwa kuwatawanya watu wanahamia upande wa watu. Tarehe 15 Machi, ndani ya behewa la treni kwenye kituo cha Pskov, Tsar, yaani mfalme wao, Nikolai wa Pili, anatia sahihi ya kuachia kiti. Anaitia kwa penseli. Kiti anamwachia mdogo wake, Mikhail.

Kesho yake wakubwa wanamfuata Mikhail kwenye nyumba aliyofikia mjini. Anawauliza: mnaweza kunihakikishia uhai wangu? Hawawezi. Basi anakataa. Wanasheria wawili wanapelekwa kwenye chumba cha kusomea cha binti wa mwenye nyumba, na hapo wanaandika waraka: Mikhail hatakalia kiti mpaka Bunge la Katiba, litakalochaguliwa na watu wote, litakapompa. Mpaka wakati huo, watu waitii Serikali ya Muda.

Miaka 300 imeishia kwenye chumba cha mtoto cha kufanyia kazi za shule. Na tazameni waraka wenyewe unasemaje. Unasema subirini. Serikali ile ilizaliwa na neno hilo kinywani.

Kwanza, mfalme anapoondoka anaondoka na nini? Balozi wa Uingereza pale Petrograd, Buchanan, aliandika juu ya askari mmoja aliyesema: ndiyo, tunataka jamhuri, lakini iwe na Tsar mzuri. Mmecheka. Mimi sicheki tena siku hizi. Yule askari hakuwa mjinga. Aliapa kiapo kwa mtu, mtu mwenye sura, sura iliyokuwa kwenye sarafu mfukoni mwake na ukutani kwao kijijini. Katika maisha yake yote hakuwahi kujiuliza kwa nini amtii mkubwa wake, maana jibu lilikuwepo kabla yeye hajazaliwa. Siku moja asubuhi jibu likaondoka na treni. Wakaja mabwana kumi na kitu waliovaa suti, wengi wao wanasheria, maprofesa na matajiri, wakasema tutiini sisi, ila kwa muda tu.

Kiongozi wao alikuwa Mwanamfalme Lvov; hicho ni cheo cha ukabaila tu, hakuwa mtoto wa Tsar. Mtu mwema, nasema bila kejeli. Alifanya kazi miaka mingi kwenye mabaraza ya wilaya, ya hospitali na shule na barabara. Aliwaamini wananchi mno. Moja ya mambo yake ya mwanzo kabisa alipokaa kitini ni kupiga telegramu kuwaondoa magavana wote wa majimbo na manaibu wao. Polisi nao wakavunjwa. Akaulizwa, sasa utamweka nani? Akajibu kwamba hataweka mtu, watu wa huko huko watachagua wenyewe.

Mnaelewa maana yake kwa lugha ya hapa kwetu? Umeamka, umewasha redio, unaambiwa wakuu wa mikoa wote hawapo, makatibu tawala hawapo, OCD hayupo, na aliyeko Dodoma anasema: jipangeni! Kwa mdomo ni jambo zuri sana. Lakini mkono aliokuwa akiutumia Tsar kukusanya kodi, kulinda ghala na kusuluhisha ugomvi wa mipaka, Lvov aliukata mwenyewe kabla hajaota mwingine. Wengi wa magavana wale walistahili kuondoka, sibishi. Nauliza tu: siku ile mtu akiiba ng'ombe huko Tambov, anapelekwa kwa nani?

Hiyo ni barua. Tuje kwenye funguo.

Jengo la bunge la zamani pale Petrograd linaitwa Jumba la Tauride. Upande mmoja walikaa mabwana waliounda Serikali ya Muda. Upande wa pili, jengo lile lile, walikaa wajumbe wa wafanyakazi na askari, wanaoitwa Sovieti. Vyumba vimejaa moshi wa sigara, sakafu ina matope ya viatu vya jeshi. Tarehe 14 Machi, kabla Tsar hajatia hata sahihi yake, mwanasheria mmoja wa Sovieti, Sokolov, alikuwa ameketi mezani na askari wamemzunguka. Wao wanasema, yeye anaandika. Waliyoyasema yakawa Amri Namba Moja: kila kikosi kichague kamati yake, silaha zishikwe na kamati na wasipewe maofisa, na amri za viongozi wa bunge zitiiwe tu pale zisipopingana na za Sovieti.

Zisipopingana! Maneno mawili matatu hayo ndiyo funguo. Haikupita wiki mbili waziri wa vita, Guchkov, akamwandikia mkuu wa majeshi kwamba serikali haina nguvu ya kweli, na amri zake zinatekelezwa kwa kadiri Sovieti inavyoruhusu, kwa sababu Sovieti ndiyo imeshika askari, reli, posta na telegrafu. Barua hiyo ingeweza kuandikwa na mwenyekiti wetu pale barazani saa nane na nusu.

Kijana mmoja wa nyuma ameniuliza wakati tunasubiri: kama Sovieti ilikuwa na funguo, kwa nini isiingie tu na kuchukua barua? Swali zuri kuliko yote. Viongozi wake wengi waliamini kwamba wakati wa wafanyakazi kutawala haujafika. Hilo walilisema wazi. Mimi naongeza la kwangu: mwenye funguo mara nyingi hana haraka. Mkate ukikosekana anayetukanwa ni mwenye barua. Vita vikienda vibaya anayetukanwa ni mwenye barua. Wewe unakaa pembeni unazungusha funguo kidoleni. Mtunza stoo wangu hakuwahi kuutaka ule muhuri.

Na kuhusu funguo hakuna aliyelisema jambo hili vizuri kuliko mzee mmoja wa Iran. Mwaka 1979 Shah, mfalme wa nchi hiyo, alipanda ndege tarehe 16 Januari, asirudi tena. Februari Ayatollah Khomeini, kiongozi wa dini aliyeongoza mapinduzi, akamteua waziri mkuu wa serikali ya muda, Mehdi Bazargan, mhandisi, profesa, mtu wa dini na mtu wa sheria, umri unapita miaka 70. Akawaambia watu mapema: Khomeini ni buldoza, mimi ni gari dogo linalohitaji barabara ya lami. Sasa wazieni IST kwenye njia ya Kibosho mwezi wa nne.

Bazargan ana ofisi, ana mawaziri, ana bendera mezani. Lakini kila mtaa una kamati ya mapinduzi yenye bunduki, inakamata watu bila kumuuliza. Mahakama za mapinduzi zinaua watu, naye anasikia kama wewe na mimi tungesikia. Pembeni lipo Baraza la Mapinduzi, na lipo jeshi jipya la walinzi wa mapinduzi. Akalalamika mbele ya watu kwamba amekabidhiwa kisu kisicho na makali.

Hapo mimi huwa nasimama. Sisi Waswahili tumezoea kusema mwenye bahati ni aliyeshika mpini, aliyeshika makali ndiye atakayekatika. Tunaonyana hivyo tangu utotoni: shika mpini. Bazargan alishika mpini! Alifanya kama tulivyofundishwa. Kumbe makali yenyewe yameng'olewa, yako nyumba ya pili, na mzee wa watu anachonyanyua hewani ni kipande cha mti. Tarehe 4 Novemba wanafunzi wakauvamia ubalozi wa Marekani, yeye hana la kufanya, na siku mbili baadaye serikali yake ilikuwa imekwisha. Miezi tisa.

China nitaipita mbio. Sun Yat-sen aliapishwa kuwa rais wa muda mjini Nanjing tarehe 1 Januari 1912. Jina analo, heshima anayo, dunia nzima inamjua. Jeshi kubwa la kaskazini analo Yuan Shikai, na hazina ya Sun haina kitu. Mtoto mfalme Puyi akaachishwa kiti Februari, kwa mpango wa Yuan. Machi Yuan akawa rais wa muda, na mwaka 1915 akajitangaza mfalme mpya. Ndiyo, mfalme!

Nirudi Urusi, maana bado sijamaliza kesi. Mpaka hapa mtu anaweza kusema: walikosa bunduki, hadithi imekwisha. Mimi sikubali, kwa sababu mwezi Machi watu waliipenda ile serikali. Waliimba barabarani, walivaa utepe mwekundu. Upendo ule ulikwenda wapi?

Uliliwa na neno subirini.

Wakulima wakasema, na hao ndio waliokuwa wengi wa nchi ile: tunataka ardhi ya mabwana. Serikali ikasema ni haki yenu, lakini jambo kubwa kama hilo litaamuliwa na Bunge la Katiba. Subirini. Askari wakasema vita vimetuchosha. Serikali ikasema tumefungwa na mikataba, na Julai ikaanzisha shambulio jipya, likavunjika, wanajeshi wakaanza kurudi vijijini kwa makundi maana walisikia ardhi inagawiwa bila wao. Wafini na Waukraine wakasema tunataka kujitawala. Subirini Bunge la Katiba. Haya, na Bunge la Katiba lenyewe lini? Hapo sasa! Iliundwa kamati ya wanasheria bora wa nchi kuandika sheria ya uchaguzi. Ilikuwa nzuri, sheria ile, labda bora kuliko zote duniani wakati huo, wanawake wakapewa kura. Walikaa miezi wakipima kila kifungu. Uchaguzi ukapangwa Septemba, ukasogezwa mpaka 25 Novemba.

Sitaki mwondoke hapa mkiwadharau. Walikuwa wanafanya ambalo mimi na wewe tungelisifu kwenye kitabu. Walisema: hatukuchaguliwa na mtu, tuna haki gani ya kugawa ardhi ya nchi? Hebu nijibuni, ni mwizi anayesema hivyo? Ni mtu mwaminifu. Na uaminifu ule ndio uliowaangusha, kwa sababu kila jambo waliloliweka kiporo lilipata mtu wa kulila. Mkulima hakusubiri. Majira ya kiangazi aliingia shambani kwa bwana na shoka na mkokoteni, akajigawia. Lile paa liliezekwa bila kaimu.

Lvov alijiuzulu Julai. Akaja Kerensky, mwanasheria, msemaji hodari, mtu wa kulia jukwaani mpaka watu wakalia naye. Akahamia Jumba la Majira ya Baridi, nyumba ya ma-Tsar. Ile kuzunguka na kiti, mnakumbuka? Usiku wa 7 Novemba, wiki mbili na nusu kabla ya uchaguzi ule uliosubiriwa tangu Machi, Wabolsheviki, chama cha Lenin, wakachukua mji. Kumbukeni walichukua nini kwanza: vituo vya reli, madaraja, simu, telegrafu, benki. Funguo zote kwanza, jumba la mfalme mwisho. Na usiku uliofuata, usiku mmoja, wakatoa tangazo la amani na tangazo la ardhi.

Sasa sikilizeni jambo linalonifurahisha kila ninapolisoma. Serikali ile ya Lenin ilijiitaje siku ile? Serikali ya Muda ya Wafanyakazi na Wakulima. Ya muda! Mpaka Bunge la Katiba litakapokutana.

Jina moja. Wa kwanza waliliamini, wakaanguka baada ya miezi minane. Wa pili hawakuliamini hata kidogo, wakakaa.

Mtasema ni Urusi hiyo, mbali na baridi. Twendeni hapa jirani. Septemba 12, mwaka 1974, Addis Ababa, maofisa wanaingia ikulu na kumsomea Mfalme Haile Selassie tangazo la kumvua madaraka. Alitawala tangu 1930. Wakamtoa nje wakampandisha Volkswagen ndogo, ile ya mgongo wa kobe, akakaa kiti cha nyuma. Wazee wangu mnakumbuka magari aliyokuwa anapanda yule bwana alipotembelea nchi za watu.

Kikundi cha wanajeshi kilichomtoa, zaidi ya 100, ndicho Derg. Kilijiita Baraza la Muda la Utawala wa Kijeshi. Hawakuthubutu hata kukiacha kiti wazi: walitangaza kwamba mwana wa mfalme, aliyekuwa Ulaya kwa matibabu, ndiye atakayekuwa mfalme. Ufalme wenyewe waliufuta Machi 1975. Mbele wakamweka mwenyekiti anayeheshimika na jeshi zima, Jenerali Aman Andom. Aman alitaka Eritrea, jimbo lililokuwa likipigania kujitenga, izungumzwe badala ya kupelekewa askari zaidi, na hakutaka wafungwa wauawe bila kesi. Alikuwa na barua. Makali waliyashika wengine kwenye Derg, na miongoni mwao Meja Mengistu. Tarehe 23 Novemba wakaizingira nyumba ya Aman, akauawa humo. Usiku ule ule wakubwa wapatao 60 wa utawala wa zamani wakapigwa risasi. Wiki kumi tu tangu ile Volkswagen.

Na baraza lile la muda lilidumu mpaka lini? Mpaka 1987. Miaka 13 ya muda. Wakati huo ardhi yote ya vijijini walikwisha kuitaifisha tangu Machi 1975, hawakumsubiri mtu. Nawasifu? Hapana, jamani, Waethiopia waliouawa miaka ile hawahesabiki kirahisi. Nasema nilichokiona: penye mfalme aliyeanguka, serikali inayouheshimu muda wake huliwa, na isiyouheshimu hula.

(Hapa mzee mmoja wa mbele alinyanyua fimbo: na Zanzibar je, mwalimu, mbona unairuka?)

Siiruki, mzee wangu, nilikuwa naikwepa kwa adabu. Zanzibar Sultani Jamshid aliondoka na meli Januari 12, mwaka 1964, uhuru ukiwa na mwezi mmoja. Pale hakukuwa na kusubiri. Sauti iliyosikika redioni ilikuwa ya John Okello, na dunia ikadhani huyo ndiye mwenye nchi. Lakini redio ni barua, mzee. Karume alikuwa na chama, na chama kilikuwa na matawi, watu wanaojuana kwa majina. Machi Okello alisafiri, aliporudi hakuruhusiwa kushuka. Aprili tukaungana. Uchaguzi wa viongozi wao wenyewe Wazanzibari waliuona tena mwaka 1980. Na kama tunacheka juu ya neno muda, basi tucheke na kwetu: Katiba ya Muda ya 1965 tuliishi nayo mpaka 1977.

Tushuke sasa nyumbani kabisa. Sisi watu wa Kilimanjaro tulikuwa na Mangi Mkuu, chifu wa Wachagga wote, mnajua, Thomas Marealle, aliyechaguliwa kwa kura akashika mwaka 1952, na bendera, na sikukuu ya Wachagga kila 10 Novemba. Mwaka 1960 watu wakaulizwa kwa kura: mnataka Mangi Mkuu, au mnataka rais wa baraza anayechaguliwa kwa vipindi? Wakachagua rais. Akaingia Solomon Eliufoo. Mwaka 1963 uchifu ukafutwa nchi nzima kwa sheria. Kuna mtu hapa anakumbuka serikali ya muda ya Uchagga? Hakuna, kwa sababu haikuwepo. Kiti hakikukaa wazi hata siku moja: kura ile ile iliyomwondoa mmoja ilikwisha kusema anayefuata atapatikanaje.

Lakini nisiwauzie rahisi. Nimesikia watu wa kwetu wakijisifu kwamba sisi tulimaliza mambo kistaarabu. Kweli, ila juu ya Mangi Mkuu na juu ya Eliufoo alikuwepo DC wa Mwingereza. Polisi wa DC, hazina ya DC, mahakama ya DC. Funguo hazikuwahi kuwa pale tunapopigia kura. Ni rahisi kubadilisha barua kistaarabu pale ambapo mwenye funguo hana wasiwasi.

Basi hakuna aliyeweza? Yupo mmoja ninayemfikiria sana, Friedrich Ebert, Ujerumani. Kaisari, mfalme wa Wajerumani, aliondoka Novemba 1918. Ebert, mtoto wa fundi cherehani, akajikuta na nchi iliyoshindwa vita, ina njaa, na mabaraza ya wafanyakazi na askari kila mji kama Urusi. Alikwisha kuona yaliyompata Kerensky mwaka mmoja nyuma. Akafanya mawili. La kwanza aliharakisha uchaguzi: ukafanyika 19 Januari 1919, wiki kumi tu. Hakuwapa watu nafasi ya kuchoka kusubiri. La pili, jioni ya siku yake ya pili kazini alipokea simu ya Jenerali Groener, wakapatana: jeshi litailinda serikali, serikali haitawagusa maofisa. Alikodi funguo.

Na kodi ililipwa. Januari ile wapiganaji wa kujitolea waliotumiwa na serikali wakazima uasi Berlin kwa risasi, na tarehe 15 wakawaua Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht, siku nne kabla ya watu kupiga kura. Wafanyakazi wengi hawakumsamehe kamwe. Maofisa ambao hawakuguswa ni wale wale waliokuja kuitazama jamhuri ikifa baadaye, mikono mfukoni. Sijui mngemshauri nini Ebert usiku wa ile simu. Nimeuliza madarasa mengi swali hilo, na wanaojibu haraka huwa ndio hawajalisoma vizuri.

Nimalizie Petrograd, kwa sababu lile Bunge la Katiba lilikutana.

Ndiyo, lilikutana. Uchaguzi ulifanyika, Wabolsheviki wakapata kama robo ya kura, chama cha wakulima, Wasosholisti wa Mapinduzi, kikawa cha kwanza. Tarehe 18 Januari 1918 wajumbe wakaingia ukumbini, jengo lile lile, Jumba la Tauride. Kwenye roshani wamejaa mabaharia na askari, wamelewa baadhi yao, wanaelekeza bunduki kwa anayehutubia, kwa mzaha. Mwenyekiti ni Viktor Chernov. Wanasema, wanajibizana, Wabolsheviki wanatoka, usiku unakwenda. Alfajiri, karibu saa kumi, baharia mmoja mlinzi, Zheleznyakov, anapanda jukwaani, anamgusa Chernov begani, anamwambia afunge mkutano kwa sababu walinzi wamechoka.

Chernov anamwambia sisi wajumbe pia tumechoka, lakini hatuwezi kuacha kusoma sheria ya ardhi ambayo Urusi nzima inaisubiri. Taa zinaanza kuzimwa. Basi anaisoma mbio mbio, inapigiwa kura mbio mbio. Jambo lililosubiriwa tangu Machi linapita kwa dakika chache, gizani karibu. Wanaahirisha mpaka jioni. Wajumbe waliporudi, milango ilikuwa imefungwa.

Namwona kijana wetu amesimama pale mlangoni, anazichezea mkononi. Mwenyekiti, barua yako inasema mpaka saa kumi na moja, na saa yangu inaonyesha bado dakika kumi. Mwenye swali aulize upesi.